Bunduki ya Marehemu Nahashon

Brooklyn Park
4 Februari 1996

Enock,

Wewe mtoto, umekufa? Na kama hujafa, una sababu gani? Krismasi imepita, mwaka mpya umepita, mimi nimekaa kwenye dirisha la mama yako nikitazama magari ya watoto wa wenzangu yakiingia na kutoka. Bloomington si Mombasa. Mama yako Philister anasema ni nusu saa tu. Ukisema huna gari, basi lipo. Ukisema basi halifiki, miguu unayo, niliisugua mafuta kwa mikono hii ulipokuwa mchanga.

Na usiniambie nipige simu. Nilipiga. Kile kisanduku chako kikanijibu kwa Kiingereza, kikalia pii, halafu kikanyamaza kinanisikiliza kama mpelelezi. Mimi siongei na kisanduku. Nakuandikia kwa hizi herufi nilizofundishwa kanisani nikiwa na mvi tayari. Shuleni sikukanyaga, unajua. Ukiona kosa, lisome hivyo hivyo.

Mama yako ameniambia kwamba siku zako za mapumziko unazunguka kwenye maonyesho ya bunduki, unanunua zile kuukuu za vita vya wazungu, na sasa unazo tano kabatini. Enock, bunduki inaliwa? Umegombana na nani huko? Sisi tulipokuwa wasichana, mtu akija na bunduki tulikuwa tunaacha hata chungu jikoni. Wewe unazipangusa vumbi. Nieleze kwa maneno ya kueleweka, maana nikimuuliza mama yako anapumua tu kwa nguvu kama mtu aliyebeba gunia la mtama.

Nimekuwekea isyo, mahindi na maharagwe unayoyapenda, kwenye friza. Itaoza ukinichelewesha.

Mimi Susu wako,
Dinah

*

Bloomington
13 Februari 1996

Susu wangu,

Nisamehe. Kazi ya hoteli imenibana, mara shifti ya mchana, mara ya usiku, nikirudi ni kulala tu. Nitakuja mwezi ujao. Na isyo kwenye friza haiozi, Susu, unanitisha bure.

Sijagombana na mtu. Bunduki hizi hata sizipigi. Zilibaki baada ya vita, majeshi yakaziuza, zinakuja zimepakwa grisi nene ya kahawia mpaka huwezi kuona kilichomo. Unamenya grisi hiyo kwa maji ya moto na kitambaa, polepole, na ndani yake unakuta mihuri. Huu mhuri wa kiwanda. Huu wa mkaguzi. Huu mwaka. Namba iliyo mwilini inatakiwa ilingane na namba iliyo kwenye kile chuma cha kuvuta nyuma. Zikilingana, ujue imekaa pamoja tangu ilipozaliwa. Wenzangu kule kwenye meza za maonyesho ni wazee wa Kizungu watupu. Mwanzoni walikuwa wananiuliza kama nimepotea njia. Sasa wananiletea bunduki zao niwasomee mihuri.

Ninayo Enfield moja, bunduki ya jeshi la Waingereza, ya mwaka 1942, ilitengenezwa Kanada. Namba zinalingana, mbao nzima, haina hata mkwaruzo. Basi ndiyo shida yake. Watu wanaipita. Wanachotaka ni bunduki yenye historia, iliyochongwa jina la mtu, au la msichana wake, kitu cha kuonyesha kwamba ilishikwa.

Nikakumbuka kitu. Watu wetu wengi walikwenda Burma na jeshi la mfalme. Na ulishawahi kuniambia kwamba Wakamba walikuwa wakiweka alama kwenye mizinga ya nyuki na mishale. Ilikuwaje hiyo alama? Unaweza kunichorea ya kwenu? Ninapenda tu kujua.

Mjukuu wako,
Enock

*

Brooklyn Park
25 Februari 1996

Enock, mume wangu mdogo,

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea. Watoto wote wa nyumba hii nikiwaambia mambo ya kwetu wananijibu kwa Kiingereza wakitazama televisheni. Wewe umeuliza mwenyewe, bila kusukumwa.

Sasa sikiliza. Alama ni ya ukoo. Ng'ombe anayo sikioni au ubavuni, mshale unayo, mzinga unayo kwenye kifuniko, imechomwa kwa chuma cha moto. Mtu akiokota mshale wako mbali huko porini anajua ni wa nani, na kama ameiba asali anajua ataitwa na nani. Lakini ndugu watatu wa nyumba moja wana mizinga kwenye mti mmoja, watajuana vipi? Kila mmoja anaongeza kitu chake kidogo juu ya ile ya ukoo. Hicho kidogo ni chake peke yake mpaka afe. Mwanawe hakirithi.

Nimekuchorea hapo chini. Mstari mmoja umesimama, miwili inaukata, na huo mdogo wa kuinama upande wa kushoto, kama ukucha wa kuku. Mkono wangu unaujua hivyo, haujui kuchora vingine. Wewe alama yako ni ya ukoo wa baba yako, hii si yako, lakini kuitazama si dhambi.

Ukitaka habari za Burma, muulize Zachariah, yule mzee wa Maplewood anayekaa kiti cha mbele kanisani, mwenye Toyota ya kijivu. Ni wa ukoo wetu, ananiita dada. Kaka yake Nahashon alikwenda huko na hakurudi, wala kaburi halijulikani. Mama yao alikuwa akiweka chakula chake pembeni kila jioni mpaka alipokufa. Zachariah alikuwa mtoto, akachukuliwa na wamisheni, alama za nyumbani anazikumbuka kwa mbali tu kama ndoto. Atafurahi kijana akimuuliza. Huwa hana wa kumsikiliza.

Njoo. Nakuombea.

Susu wako

*

Bloomington
22 Aprili 1996

Susu,

Asante kwa mchoro. Umenisaidia kuliko unavyojua.

Nimepata gari. Ni ile Toyota ya mzee Zachariah. Tulikubaliana tu, kila mtu akampa mwenzake kitu alichokuwa nacho, na yeye amefurahi sana, usiwe na wasiwasi. Sasa sina kisingizio. Jumapili moja nitakuja nikupeleke ziwani ukaone barafu ikipasuka.

Nimekutumia mablanketi mawili kwa mkono wa mama. Lile jekundu ni lako, la kijani ni lake, asikudanganye.

Enock

*

Brooklyn Park
9 Juni 1996

Enock,

Barafu imepasuka, imeyeyuka, watu sasa wanaogelea ndani yake, na wewe na gari lako hamjaonekana. Lakini leo sina nguvu ya kukugombeza, maana moyo wangu umejaa mpaka hapa kooni.

Kwa nini hukuniambia? Jambo kubwa kama hili nalisikia kanisani kutoka kwa watu baki! Zachariah alisimama mbele ya watu wote, mke wake Velma ikabidi amshike mkono. Kumbe wewe ndiye uliyeipata bunduki ya Nahashon. Katika nchi hii, kati ya maelfu ya bunduki, mjukuu wangu mimi akaisafisha grisi na kuikuta alama. Zachariah amesema, "Ya ukoo niliitambua mara moja, na ile ndogo ya pembeni ni yake Nahashon mwenyewe, nani mwingine?" Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Haika, aliyekuwa akisema kwamba wajukuu zangu ni wa kizungu, nilimtazama, akajifanya anatafuta miwani.

Basi sikiliza mipango. Chuma Zachariah atakiacha hapa. Mbao ataing'oa, ataifunga kwa kitambaa, na tarehe kumi Agosti anapanda nayo ndege. Ataizika kwao Mwingi, kando ya mama yake, na mchungaji wa kule ameshakubali. Yule mama atapata mtoto wake hatimaye, miaka yote ile.

Na mimi nimeombwa kitu. Mbao lazima ipakwe mafuta na mwanamke wa ukoo kabla ya safari, na hapa Minnesota mwanamke wa ukoo ni mimi tu. Jumamosi tarehe kumi na tano Philister atanipeleka. Bado sijaiona kwa macho yangu. Siku zote naifikiria.

Mungu akuinue, mwanangu. Yale maneno niliyosema kuhusu bunduki kabatini nimeyarudisha mdomoni.

Susu wako anayejivuna

*

Bloomington
12 Juni 1996

Susu,

Usiende Jumamosi. Tafadhali. Joto ni kali na magoti yako hayako sawa. Mwambie mama apige simu aseme unaumwa. Hayo mafuta mtu yeyote anaweza kupaka, hata Velma. Nitakuja mwenyewe Jumapili nikueleze, kuna mambo ya bunduki hizi ambayo watu hawayaelewi vizuri. Usiende kwanza.

Enock

*

Brooklyn Park
17 Juni 1996

Enock,

Barua yako imefika leo Jumatatu. Mimi nilikwenda Jumamosi. Na Jumapili uliyosema hukuja.

Walinikalisha kwenye kiti kizuri. Watu walikuwa kumi na zaidi, wamevaa kama wa kanisani. Zachariah akaleta blanketi, akalifungua magotini pangu kama anavyofunuliwa mtoto. "Dada," akasema, "msalimie kaka yako."

Nikatazama.

Unajua nimeona nini? Unajua. Nimeona kibuyu changu.

Baba yangu hakuzaa mtoto wa kiume. Wenzake walikuwa wakimcheka, mzinga wako utamwachia nani. Siku moja akachukua kile chuma, akapasha moto, akaniambia shika. Akaniongoza mkono nikaweka ule ukucha wa kuku pembeni ya alama yake, kwenye kibuyu changu cha maziwa. Akasema, huu ni wa Dinah, na atakayeucheka anicheke mimi. Hakuna mwanamume yeyote aliyewahi kuuweka. Si Nahashon, si nani. Nahashon nilimwona mara mbili maishani, arusini. Katika dunia nzima ukucha ule ulikuwa mahali pawili: kwenye vibuyu vyangu, na kwenye barua niliyokuandikia wewe kwa sababu uliniuliza kwa upendo, na nikafurahi kama mjinga.

Nilimchorea mjukuu. Kumbe nilimchorea mwizi.

Watu walikuwa wananitazama. Zachariah analia, anasema, "Tazama alivyoichonga vizuri, na vita vimemzunguka." Ningesema nini pale? Nikachovya vidole kwenye mafuta nikapaka. Nilipaka jina langu mwenyewe, Enock, na wao wakaimba. Chini ya mafuta nikasikia harufu ya majani ya chai na rangi ya viatu.

Usinitumie blanketi. Niandikie, useme.

Dinah

*

Bloomington
24 Juni 1996

Susu,

Nitasema.

Nilichonga mwezi wa tatu, kwa kisu kidogo, kwenye meza ya jikoni. Nilitia chai iliyokolea halafu kiwi nyeusi, nikafuta, nikarudia, mpaka ikaonekana ya zamani. Nilitaka wale wazee wa mezani wasimame mbele yake. Basi. Kila siku mimi ndiye ninayewasomea mihuri ya bunduki zao, za baba zao, za kina mjomba wao. Mmoja aliniuliza, "Na watu wenu walipigana kweli, au walibeba mizigo tu?" Nilikwenda nyumbani na swali hilo. Nilitaka kuwa na moja ya kwetu mezani, nao wapinde migongo kuitazama.

Mzee Zachariah nilimtafuta ili anieleze habari za Burma, kama ulivyosema. Bunduki nilikuwa nayo kwenye gari la rafiki. Aliiona. Sikumwambia ni ya Nahashon, Susu, naapa. Aliisema yeye. Alipiga magoti pale kwenye maegesho, na mimi nikanyamaza. Kosa langu ni kunyamaza. Aliponipa funguo za gari nilikataa, akanikunjia vidole juu yake.

Lakini fikiria. Mwaka ni sahihi. Namba zinalingana. Inawezekana kabisa ilikuwa huko, nani anajua? Velma anasema mzee sasa analala usiku. Tukimwambia, tunampa nini badala yake? Atafika Mwingi mikono mitupu. Wewe ulinyamaza pia, Susu, mbele ya watu kumi. Kama ungeweza kunyamaza Jumamosi hiyo, huwezi kunyamaza mpaka Agosti? Hakuna anayeumia.

Enock

*

Brooklyn Park
30 Juni 1996

Enock,

Tangu Novemba hujatia mguu hapa. Umepata muda wa kuchonga, muda wa kuchemsha chai ya kupaka bunduki, muda wa kukaa mezani na wazungu, na kwa kitu hicho hicho chenye magurudumu manne, ulichokipata kwa ukucha wangu, hukuweza kuendesha nusu saa. Unaniogopa. Vizuri. Endelea kuniogopa mpaka nimalize.

Unasema hakuna anayeumia. Mimi unaniweka wapi? Alama ya mtu ikifukiwa kaburini, mtu huyo amezikwa. Mimi sijafa. Nina meno yangu mengi, naamka, nasali, namgombeza mama yako. Mnanipeleka Mwingi kwa ndege, mnanichimbia shimo, mchungaji ananiombea, mnatia udongo. Tena kwa jina la mwanamume.

Na yule mama unamweka wapi? Ameweka chakula pembeni jioni baada ya jioni. Hakukubali kula kile chakula yeye, hakukubali kumpa mtu mwingine. Sasa mnamwambia, amka, mwanao amekuja, halafu mnamlazia ubavuni kibuyu cha msichana wa watu. Kama angekuwa hai, mgethubutu? Kwa sababu hawezi kufunua kitambaa, ndiyo mnamdanganya?

Zachariah analala usiku. Nimesikia. Jana alinipigia simu kuniuliza kama Nahashon alikuwa mchekeshaji au mkimya, maana yeye hakumbuki. Kwa sababu nilipaka mafuta, anadhani namjua. Nikasema alikuwa mkimya. Umeona? Tayari nimeanza kumtengeneza mimi pia. Wewe umemchongea alama, mimi nimempa tabia, kesho Velma atamtafutia picha. Na Nahashon mwenyewe, aliyekuwa na damu, aliyekuwa na ukucha wake wa pembeni ambao hakuna aliye hai anayeujua, huyo tutakuwa tumemfukuza kabisa. Ametangatanga huko Burma miaka yote hiyo, na siku anarudi mlangoni anakuta kitanda chake kina mtu.

Ndiyo, nilinyamaza Jumamosi ile. Sikutaka Zachariah ashikwe na aibu mbele ya watu waliokuja na sahani za chakula. Huko hakukuwa kuficha, nilikuwa nasubiri mwenye mdomo wa kusema aje. Mwenye mdomo ni wewe.

Yule mzungu aliyekuuliza kama watu wetu walipigana, ungemwambia, "Walipigana, na bunduki zao zilikusanywa zikarudishwa ghalani, hata alama hawakuachiwa nafasi ya kuweka." Hiyo ndiyo habari. Ni chungu, lakini ni yetu. Mbao yako ile isiyo na mkwaruzo ilikuwa inasema ukweli huo kabla hujaishikia kisu. Wewe ukaona aibu kwa ukweli, ukaenda kuazima uongo kwa bibi yako.

Nimekulilia sana wiki hii. Nimelia kwa hasira, halafu nikakumbuka ulivyokuwa ukilala kifuani pangu mama yako akiwa kazini, nikalia vile vingine. Usifikiri kwamba nimekutupa. Ningekutupa, nisingemaliza wino hivi. Nimemwambia Philister akisikia mtu yeyote anakuita mwizi, aje kuniambia nikamnyamazishe. Neno hilo ni langu peke yangu, na nimekwisha kulisema.

Sasa sikia utakavyofanya.

Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, usije hapa. Nenda Maplewood. Nitakuwa nimeshafika, nimekaa na Zachariah na Velma, na hakutakuwa na mgeni mwingine, nimehakikisha. Gari liache pale pale, funguo weka mezani kabla hujaketi. Usianze na salamu ndefu wala habari za mwaka na namba. Sema, "Baba, nilichonga mimi." Atakachokuambia, pokea. Akikupiga, simama. Akikufukuza, kaa nje kwenye ngazi, usiondoke mpaka atakapofungua au mpaka mimi nitakapotoka. Ile mbao ni yake kuamua, aichome, aikwangue, airudishe. Ile alama ni yangu, nayo nitamwomba kwa mdomo wangu anitolee.

Akiuliza atabeba nini kwenda kwa mama yake, wewe usijibu. Hapo ni mahali pangu na pake, tuliozaliwa ukoo mmoja.

Ukimaliza, njoo ukae upande wangu wa kushoto, sikio la kulia limeziba. Vaa koti, nyumba yao ina ile mashine ya baridi. Na mlangoni usigonge mara moja ukakimbilia kusema hawakusikia. Gonga mpaka ufunguliwe.

Susu wako,
Dinah